Kipepeo wa Michungwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo majirani, wanafunzi na wakulima wadogo wa upande wa Muheza na Tanga hurudia kuyauliza kila mvua zinapoanza, michungwa ikachipua, na majani yake yakaonekana yameliwa. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa mahali pengine, msomaji ataelekezwa huko.

## Kumtambua

Kipepeo wa michungwa ni yupi?

Ni yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa mengi ya manjano iliyopauka, anayepita bustanini kwa kasi na kwa nadra sana hutulia. Mabawa yake yakitandazwa huwa na upana wa sentimita 10 hadi 13 hivi, na jike kwa kawaida humzidi dume kidogo. Kila bawa la nyuma lina madoa mawili yanayofanana na macho, moja karibu na ukingo wa mbele na jingine kwenye pembe ya ndani karibu na tumbo, yakiwa na rangi ya buluu na nyekundu inayoelekea kahawia. Jina lake la kisayansi ni *Papilio demodocus*, naye amejulikana kwa wanasayansi kwa jina hilo tangu mwishoni mwa karne ya 18.

Ndugu zake wengi wana mikia miwili mwishoni mwa mabawa ya nyuma. Yeye hana, na hiyo ni alama nzuri ya kumtambulia. Alama nyingine ni tabia yake anapokula: hata akiwa juu ya ua, mabawa yake ya mbele huendelea kupapatika, kana kwamba hataki kuliamini ua hilo limbebe.

Anapatikana wapi?

Anapatikana karibu kote katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na pia Madagaska na kusini mwa Rasi ya Arabia. Anaishi kwenye savana, kandokando ya misitu, mashambani na mijini. Zamani alitegemea miti ya porini iliyo jamaa ya michungwa. Binadamu alipoieneza michungwa, milimau na mindimu kila alipojenga, kipepeo huyu alimfuata. Ndiyo maana leo ni rahisi kumwona katika uwanja wa nyumba ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kuliko katikati ya msitu mnene.

Nitamtofautishaje dume na jike?

Kwa macho tu ni vigumu. Ukubwa husaidia kidogo, lakini tabia husaidia zaidi. Anayezungukazunguka mlimau, akigusa jani hili na lile bila kukaa, ni jike anayetafuta pa kutaga. Wanaokusanyika kwenye matope baada ya mvua karibu wote ni madume, kwa sababu itakayoelezwa katika swali kuhusu chakula.

## Kutoka yai hadi kipepeo

Mzunguko mzima wa maisha huchukua muda gani?

Katika joto la pwani, tangu yai kutagwa hadi kipepeo kuruka ni takriban wiki sita. Yai huanguliwa ndani ya siku chache, mara nyingi nne hadi sita. Kiwavi hula na kukua kwa wiki tatu, nne au zaidi. Pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akisubiri kugeuka kipepeo, hukaa wiki mbili hadi tatu. Joto likipungua kila hatua hurefuka, na kwa hiyo mtu wa Lushoto au Nairobi anayemwangalia pupa wake mwezi Julai asishangae akimzidi yule wa Tanga kwa siku nyingi.

Jike huujuaje mti unaofaa?

Huuonja kwa miguu. Anapokaribia mti, macho na harufu humwongoza, lakini uamuzi wa mwisho hufanyika akishatua: hupigapiga jani kwa miguu ya mbele, ambayo ina vitambuzi vya ladha, na kama kemikali za jamii ya michungwa zipo hukunja tumbo lake na kubandika yai moja tu, kisha huondoka. Kitendo chote hakizidi muda wa kuvuta pumzi mara mbili.

Mimi hukiangalia kwenye mndimu nilioupanda katika ndoo kuukuu barazani. Asubuhi moja baada ya mvua za vuli jike alikuja na kwenda kwa zaidi ya robo saa. Aligusa majani makavu ya ncha akayaacha, akagusa jani la mlonge lililokuwa limelalia ndoo akaliacha upesi, kisha akarudi kwenye machipukizi. Alipoondoka nilihesabu mayai saba, kila moja peke yake, la mviringo, la manjano iliyopauka, na dogo kama kichwa cha pini. Yote yalikuwa kwenye majani machanga, ambayo mtoto mwenye meno mapya anaweza kuyatafuna.

Kwenye majani ya mlimau wangu kuna kitu kinachofanana na kinyesi cha ndege. Ni nini?

Kiguse taratibu kwa ncha ya kijiti. Kikisogea, ni kiwavi mchanga wa kipepeo wa michungwa. Akitoka katika yai hula kwanza ganda lake, halafu huanza kula jani. Mwili wake huwa wa kahawia iliyokolea au mweusi, wenye vijimiiba laini na mabaka meupe katikati, na hung'aa kidogo kama kitu kibichi. Hukaa wazi juu ya jani bila kujificha, kwa kuwa ndege anayetafuta chakula hashughuliki na kinyesi.

Na yule kiwavi mkubwa wa kijani ametoka wapi?

Ni yuleyule. Kiwavi hujivua ngozi mara nne, kwa hiyo hupitia hatua tano za ukuaji. Kadiri anavyokuwa mkubwa, hila ya kinyesi inaacha kumfaa, maana hakuna ndege wa bustanini mwenye kinyesi kirefu kama kidole. Katika hatua ya mwisho hutoka na vazi jipya kabisa: kijani cha jani la mchungwa, mistari ya mshazari iliyochanganya kahawia na nyeupe ubavuni, na alama mbili kama macho nyuma ya kichwa. Hufikia urefu wa sentimita 4.5 hivi. Sehemu kubwa ya majani atakayoyala maishani huyala katika hatua hii, na ndiyo maana mtu husema viwavi "wamekuja ghafla" hali walikuwepo kwa wiki tatu.

Hili ndilo jambo ninalotamani kila mwenye mlimau alijue. Watu wengi humpenda kipepeo na kumponda kiwavi, pasipo kutambua kwamba wanamponda kipepeo yuleyule waliyemsifu jana.

Kiwavi akiguswa hutoa pembe mbili nyekundu na harufu kali. Je, ana sumu? Atawasha?

Hawashi na haumi. Hana nywele zinazowasha kama viwavi wengine, na hizo pembe hazichomi. Ni kiungo laini chenye umbo la panda, cha rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, ambacho hukaa kimefichwa nyuma ya kichwa na kuchomoza kwa kujazwa majimaji ya mwili anapotishwa. Hutoa harufu kali iliyochanganya maganda ya machungwa yaliyooza na samli iliyochacha. Harufu hiyo huwafukuza siafu, sisimizi na wadudu wengine wadogo kuliko inavyowafukuza ndege. Mtoto akimshika kiwavi huyu, mwambie amrudishe kwenye jani kisha anawe mikono. Hakuna zaidi ya hapo la kuhofia.

Onyo hili hata hivyo lisisahaulike: viwavi wenye manyoya, ambao wengi wao ni watoto wa nondo, wasishikwe kwa mikono mitupu.

Kiwavi wangu mkubwa ametoweka usiku mmoja. Ameliwa?

Pengine ndiyo, lakini mara nyingi ameondoka tu kutafuta mahali pa kuwa pupa. Anapokaribia wakati huo huacha kula, hutoa kinyesi cha majimaji kisichofanana na vile vidonge vikavu vya kila siku, kisha hutembea. Anaweza kubaki kwenye tawi la mti uleule au kuhamia ukutani, kwenye uzio au kwenye mguu wa benchi. Tafuta ndani ya hatua chache kutoka kwenye mti, na tafuta kwa subira, kwa kuwa anachogeukia kuwa kimeundwa kisionekane.

Pupa hukaaje, na kwa nini wengine ni kijani na wengine kahawia?

Kiwavi hufuma kijitanda cha hariri, hushikiza ncha ya nyuma ya mwili hapo, kisha hujizungushia uzi mmoja wa hariri kiunoni, mithili ya mkwezi anavyoegemea kamba yake mnazini. Baada ya siku moja hivi ngozi hupasuka na pupa hubaki akiwa ameinamia nje, kichwa juu. Rangi hutegemea mahali aliposhikilia: aliye kati ya majani na vijitawi vya kijani huwa kijani, na aliye kwenye gome au ubao kwa kawaida huwa kahawia au kijivu. Siku ya mwisho ngozi ya pupa huanza kuonyesha weusi na madoa ya manjano ya mabawa yaliyo ndani.

Pupa alipofunguka palikuwa na tone la majimaji mekundu. Je, kipepeo alijeruhiwa?

Hapana. Hayo ni mabaki yaliyokusanyika tumboni wakati mwili ulipokuwa ukijengwa upya, na kila kipepeo huyatoa akishazaliwa. Wakati uleule mabawa, ambayo mwanzoni ni madogo na yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, hujazwa majimaji ya mwili kupitia mishipa yake mpaka yanyooke. Kipepeo huhitaji nafasi ya kuning'inia na saa moja au mbili za kukausha mabawa. Usimguse katika saa hizo, hata ukiona kama anahangaika.

Kipepeo mkubwa hula nini, na huishi muda gani?

Hunyonya mbochi ya maua kwa mrija mrefu ambao hujikunja chini ya kichwa kama kamba ya saa ya zamani. Hali majani tena. Meno ya kiwavi hayapo. Huishi wiki chache tu, nyingi zikitumika katika kutafuta mwenzi na kutaga.

Madume huongeza jambo moja: hukaa kwenye matope, mchanga wenye unyevu au mahali mifugo ilipokojoa, na kufyonza chumvichumvi, hasa sodiamu, ambayo haipatikani kwa wingi katika maua. Sehemu ya chumvi hiyo humfikia jike wakati wa kujamiiana na kuingia katika mayai.

## Makazi na bustani

Kiwavi anaweza kula majani ya miti gani?

Michungwa, milimau, mindimu, michenza na mibalungi yote humfaa. Porini hula miti ya jamii hiyohiyo, akiwemo mjafari, ule mti wenye miiba mikubwa yenye vitako shinani. Ukimtoa kwenye mlimau na kumwekea majani ya mwembe au mchicha, atakufa njaa akiwa amezungukwa na chakula. Kwa ajabu moja inayovunja kanuni hii, tazama swali la shamari hapa chini.

Huonekana msimu gani?

Pwani huonekana mwaka mzima, lakini idadi huongezeka wiki chache baada ya masika na vuli. Sababu ni majani: mvua huleta machipukizi, machipukizi huleta mayai, na kizazi hicho hukamilika wakati bado kuna maua ya kutosha. Mwenye bustani anayemwagilia mlimau wake wakati wa kiangazi atawaona hata katika miezi mikavu.

Nifanye nini ili waje na wabaki?

Weka vyakula viwili, cha mtoto na cha mkubwa. Mche mmoja wa mlimau au mndimu, hata wa ndooni, unatosha kwa viwavi wachache. Kwa wakubwa panda maua yenye mbochi nyingi mahali penye jua, kama vile pentasi na iksora. Sishauri lantana, ingawa vipepeo huipenda sana, kwa kuwa imevamia malisho na misitu yetu na mbegu zake husambazwa na ndege mbali na uzio ulikoipanda. Acha pia sehemu ndogo ya ardhi yenye unyevu.

La muhimu kupita yote hayo ni kutopulizia dawa. Niliwahi kununua mche mzuri wa mchenza kwenye kitalu kimoja, nikauweka karibu na ndoo yangu na kuhamishia juu yake viwavi watatu waliokuwa wamebanana. Ndani ya siku mbili wote walikuwa wamening'inia kwa miguu ya nyuma, laini na weusi. Nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa mche ulipuliziwa wiki iliyotangulia. Tangu hapo mche mpya hukaa peke yake mpaka utoe majani mapya, na hayo pekee ndiyo ninayoyatumia.

Mayai yalikuwa mengi, mbona vipepeo ni wachache?

Kwa sababu ndivyo hesabu ya maisha yao ilivyo. Kuna nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya mayai, nzi wanaotaga juu ya viwavi, buibui, vunjajungu, vinyonga, ndege, na wale chungu wa rangi ya chungwa wanaoshona majani, ambao watu wa pwani huwaita maji moto. Mti wenye kiota cha maji moto huwa na viwavi wachache sana, na wakulima wanaoyajua hayo hawakiharibu kiota hicho.

## Maswali ya mkulima

Je, kipepeo huyu ni mharibifu wa michungwa?

Jibu linategemea umri wa mti. Mchungwa mkubwa wenye maelfu ya majani hauathiriki na viwavi kumi au ishirini, na mavuno yake hayatapungua kwa sababu yao. Mche wa kitaluni wenye majani thelathini ni habari nyingine: viwavi watatu wa hatua ya mwisho wanaweza kuuacha vijiti vitupu, na mche uliovuliwa majani mara mbili mfululizo hudumaa. Kwa hiyo mwenye kitalu ana haki ya kujilinda, na mwenye mti mkubwa uani hana sababu ya kununua dawa.

Nitawadhibitije kwenye miche bila sumu kali?

Kagua miche mara mbili kwa wiki wakati wa machipukizi, upande wa juu na wa chini wa majani machanga, na uondoe mayai na viwavi kwa mkono. Kwa kitalu kidogo hii inatosha. Ukipenda, wahamishie kwenye mti mkubwa badala ya kuwaua. Hivyo ndivyo ninavyofanya, na sijawahi kuona mti mkubwa ukilalamika. Neti nyepesi juu ya miche huzuia utagaji kabisa. Panapohitajika zaidi, kuna maji ya mwarobaini na dawa ya bakteria aina ya *Bacillus thuringiensis*, ambayo humdhuru kiwavi anayekula jani lililopuliziwa na kuwaacha nyuki. Dawa za jumla huwaua pia wale nyigu na buibui waliotajwa juu, na msimu unaofuata mkulima hubaki na kazi ambayo wao walikuwa wakimfanyia bure.

## Hali zisizo za kawaida

Pupa wangu amekuwa mweusi na ana tundu dogo. Kipepeo ametoka?

Hapana. Kipepeo akitoka, ganda hupasuka upande wa kichwa na kubaki jepesi na angavu. Tundu dogo la mviringo ubavuni ni mlango wa nyigu au nzi waliokua ndani. Baadhi ya nyigu hao humngojea kiwavi anapojigeuza na kutaga ndani ya pupa akiwa bado laini. Ukitaka kumwokoa mmoja kwa ajili ya watoto kumwangalia, mweke kiwavi ndani ya chombo chenye neti kabla hajaacha kula.

Kipepeo ametoka na mabawa yamekunjamana. Anaweza kupona?

Mabawa yakishakauka yakiwa yamekunjamana hayatanyooka tena. Mara nyingi sababu ni kukosa pa kuning'inia, kuanguka, au ukavu mwingi wa hewa ndani ya chombo. Anaweza kuwekwa juu ya ua na kuishi siku kadhaa akinyonya mbochi.

Je, viwavi wote walio kwenye mlimau ni wa kipepeo huyu?

La. Ndugu zake wawili wa Afrika pia hutaga hapo: *Papilio dardanus*, ambaye dume wake ni wa manjano mwenye mikia, na *Papilio nireus*, mweusi mwenye ukanda wa buluu inayometameta. Viwavi wao hufanana na hawa wakiwa wachanga. Njia ya uhakika kwa asiye mtaalamu ni kumlea mmoja mpaka aruke.

Nimesoma kuwa hula pia shamari. Ni kweli?

Ni kweli kwa upande wa Rasi, kusini kabisa mwa Afrika Kusini, ambako baadhi yao hula shamari na mimea ya jamii yake. Viwavi wa huko wana mabaka yanayolingana na majani membamba ya mmea huo badala ya majani mapana ya mchungwa, na tofauti hiyo hurithiwa.

Inawezekana kumfuga na kuuza pupa?

Imefanyika. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, ambako familia zinazopakana na msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho nje ya nchi. Amani, katika Usambara Mashariki, wanakijiji walifuata njia kama hiyo, lakini mwaka 2016 Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai na soko lao likafungwa. Kwa hiyo yeyote anayefikiria biashara hii aanze kwa kuuliza kibali kabla ya kujenga banda.

Ndugu zangu walio Muscat wananitumia picha za kipepeo kama huyu kwenye mlimau wao. Ni yuleyule?

Inaelekea zaidi kuwa ni *Papilio demoleus*, ndugu yake wa Asia, ambaye ni wa kawaida katika bustani za Oman na Ghuba na ambaye kiwavi wake pia hula michungwa. Waombe picha ya bawa la nyuma, kwenye pembe ya ndani karibu na tumbo. Wa Asia ana doa jekundu lililo wazi hapo. Wa kwetu ana doa la jicho lenye utepe wa buluu.